Kusoma utabiri wa msimu wa baridi Marekani: miaka ya nyuma inatuambia nini kweli?

Kaskazi_MN (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila ikiingia Oktoba, makundi yetu ya WhatsApp huku Marekani hujaa ramani. Nchi imepakwa bluu juu na nyekundu chini, na maandishi makubwa kwamba baridi ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Mmoja analeta ukurasa wa almanaka, kile kitabu cha kila mwaka chenye utabiri, mwingine video ya kijana anayeapa kwamba baridi ya 2013 imerudi. Halafu naona watu wazima wanatoa pesa kwa kutegemea picha hizo: wanabadilisha gari, wanasaini mikataba ya mafuta ya kupashia nyumba, wanaahirisha kumleta mama kutoka nyumbani. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Utabiri wa msimu ni elimu ya kweli yenye zaidi ya miaka mia moja, na mtu wa kawaida anaweza kuisoma akionyeshwa inafika wapi na inakomea wapi.

Mimi nasafisha theluji kwenye maegesho ya maduka na makanisa hapa Minneapolis. Kazi hii hulipwa kwa namna mbili. Unaweza kukubaliana bei moja ya msimu mzima, au ukalipwa kila unapopita. Ukichukua bei ya msimu na theluji ikaja ya kumwaga, unachoma dizeli na kukesha na vijana wako kwa hela ile ile. Ukichukua ya kila unapopita na theluji isije, gari limelala na mkopo wake unadai. Chumvi ya barabarani nayo lazima uagize kabla watu hawajaanza kuigombania, na ile ya kawaida huanza kushindwa kuyeyusha barafu baridi ikishapita nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hiyo nahitaji kujua mambo mawili tofauti: kutakuwa na baridi kiasi gani, na kutakuwa na theluji kiasi gani. Watu wengi huyachanganya. Siku zenye baridi kali kabisa hapa mara nyingi ni kavu, jua linawaka, hakuna hata chembe inayodondoka.

Tuanze na Pasifiki, kwa sababu utabiri mwingi wa msimu unaanzia huko. Maji ya ikweta kati ya longitudo 170 na 120 Magharibi yakizidi wastani kwa nusu nyuzi au zaidi, na hali hiyo ikadumu kwa miezi, hiyo ni El Nino. Yakipoa kwa kiasi hicho ni La Nina. Sote tunaikumbuka El Nino kwa mafuriko ya 1997 nyumbani. Huku inafanya kazi kwa njia nyingine. Mawingu makubwa ya mvua ya Pasifiki huhamia mashariki, na joto linalotoka ndani yake husogeza ule mkondo wa upepo wa juu ambao ndege za kwenda Ulaya huupanda. Mkondo huo hupita kusini zaidi, basi kuanzia California hadi Florida wanapata mvua, na sisi wa karibu na Kanada tunapata nafuu ya baridi. La Nina hupeleka mkondo huo kaskazini: baridi ya Kanada inatushukia sisi, na kusini kunakuwa kukavu na vuguvugu.

Hayo ndiyo maelezo utakayoyakuta kila mahali. Sasa tazama namba za hapa nilipo.

Msimu wa 2010-11 ulikuwa La Nina. Minneapolis ilipata inchi 86.6 za theluji, karibu sentimita 220. Tarehe 12 Desemba 2010 paa la uwanja wa Metrodome lilichanika na kuporomoka kwa uzito wa theluji. Msimu uliofuata, 2011-12, nao ulikuwa La Nina. Theluji ya msimu wote ilikuwa inchi 22.3, kama sentimita 57. Bahari iko vilevile, jiji ni lile lile, na mwaka mmoja una karibu mara nne ya mwenzake. Geukia El Nino: msimu wa 1982-83, mojawapo ya El Nino kubwa za karne iliyopita, tulipata inchi 74.4. Msimu wa 2023-24, nayo El Nino yenye nguvu, tulipata inchi 29.5.

Linganisha na joto. Misimu ya 1982-83, 1997-98, 2015-16 na 2023-24, yote ya El Nino kubwa, yote ilikuwa na joto juu ya wastani hapa Minnesota. Ule wa 2023-24 ukawa msimu wa baridi wenye joto kuliko wowote katika kumbukumbu za majimbo 48 ya bara.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Miaka ya nyuma ina habari nzuri kuhusu joto la msimu mzima, ina habari kidogo sana kuhusu theluji, na haina lolote kuhusu dhoruba ya wiki fulani. Theluji ya msimu wetu hutokana na dhoruba chache kubwa. Zikipita kilomita 150 kusini, Iowa wanafukiwa na sisi tunabaki na upepo mtupu. Hakuna bahari inayokuambia mwezi Oktoba njia ya dhoruba ya Februari itakuwa wapi.

Karibuni, maswali yote yanaruhusiwa.

Hesabu_Kali

Nimepiga kambi hapa mkuu. Ila nina swali gumu kidogo. Ramani ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na anga, ya mwaka fulani ilikuwa imeandika asilimia 40 "juu ya wastani" kwenye jimbo langu, Ohio. Asilimia 40 haifiki hata nusu. Kuna tofauti gani na mtu aliyesema hajui?

Kaskazi_MN

Swali zuri, na ndipo wengi wanapopotea.

Kituo cha utabiri wa misimu cha NOAA, kilichopo College Park, Maryland, huchukua miaka 30, kwa sasa ni 1991 hadi 2020, kisha hupanga misimu ya mahali husika kuanzia wenye baridi zaidi hadi wenye joto zaidi. Halafu hukata mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Hata bila kujua chochote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Kwa hiyo 40 ipime kwa kuilinganisha na 33. Fungu la joto limepanda hadi 40, la katikati limebaki 33, na la baridi limeshuka hadi kama 27. Maana yake msimu wa baridi kali bado una nafasi zaidi ya moja kati ya nne. Pakiwa peupe kwenye ramani, mafungu yote yana nafasi sawa, na hapo wanakuambia wazi kwamba hawana cha kuegemea.

Kwa mtu anayeuliza "nivae nini Januari" hiyo haina faida. Kwa mwenye mikataba inayorudi kila mwaka, ina faida kubwa. Ukiegemea upande wenye 40 au 50 mwaka baada ya mwaka, utakosea misimu mingi, lakini hesabu ya jumla itakubeba. Ndiyo maana kampuni za umeme na za gesi hulipa watu kuisoma ramani hiyo kila mwezi.

Na usiuhukumu utabiri huo kwa msimu mmoja. Kusanya mara zote waliposema 40, kisha hesabu: kama ilitokea kweli karibu mara nne katika kumi, walikuwa waaminifu.

Mzawa_Leeds

Kaka Kaskazi, huku Uingereza tuliwahi kuona hilo likiwatokea puani. Idara ya hali ya hewa, Met Office, ilitangaza kwamba kiangazi cha 2009 kina uwezekano mkubwa wa kuwa kizuri cha kuchoma nyama nje. Magazeti yakadaka maneno hayo, uwezekano ukaachwa pembeni, mvua ikanyesha Julai nzima. Kisha wakaegemea upande wa msimu wa baridi nafuu, na 2009-10 ukawa mkali kuliko yote tangu 1978-79. Machi 2010 wakatangaza kwamba hawatatoa tena utabiri wa msimu kwa umma kama walivyozoea.

Mimi nilisikitika. Utabiri ulikuwa na maana yake, tatizo lilikuwa namna ulivyofikishwa kwa watu.

Swali langu: kuna hawa wanaochagua mwaka mmoja wa zamani wanasema "huu ndio wenyewe". Wana msingi wowote?

Kaskazi_MN

Hapo naomba nikae kidogo, maana njia hiyo ina historia inayouma.

Njia yenyewe ni rahisi. Unatazama hali ya sasa: joto la bahari, upepo wa juu, theluji iliyokwisha kuanguka Siberia. Unafungua daftari unatafuta mwaka uliokuwa hivyo hivyo. Unasema yaliyofuata kipindi kile yatafuata na sasa. Mimi huiita miaka ya namna hiyo miaka pacha.

Ujerumani kulikuwa na mtaalamu anaitwa Franz Baur, mkuu wa taasisi ya utabiri wa muda mrefu huko Bad Homburg. Alikuwa msomi wa kuheshimika, mtu wa takwimu. Misimu ya baridi ya 1939-40 na 1940-41 ilikuwa mikali sana Ulaya. Vuli ya 1941, majeshi ya Hitler yakiwa ndani ya Urusi, Baur alitakiwa kutabiri msimu unaokuja. Akasema utakuwa wa kawaida au nafuu. Sababu yake ni kwamba katika kumbukumbu alizokuwa nazo hakuwahi kuona misimu mitatu mikali mfululizo. Msimu wa 1941-42 ukaja kuwa miongoni mwa mikali kabisa ya karne ile. Askari wasio na nguo za baridi waligandia mbele ya Moscow. Inasimuliwa kwamba Baur alipoletewa vipimo alishikilia kuwa vipimo ndivyo vyenye kasoro.

Tazama kosa lilipokuwa. Kumbukumbu zake zilikuwa sahihi. Alichofanya ni kuchukua jambo ambalo halijatokea ndani ya daftari lake akaligeuza kuwa jambo lisiloweza kutokea. Daftari la hali ya hewa ni fupi mno kwa hukumu kama hiyo.

Ni fupi kiasi gani? Mwaka 1969 mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alipekua ramani za anga za miaka mitano za nusu ya kaskazini ya dunia akitafuta siku mbili zinazofanana kikweli. Hakupata hata jozi moja nzuri. Mwaka 1994 Huug van den Dool, ambaye alikuja kuwa mtu mkubwa katika kituo kile cha NOAA, alipiga hesabu: ungehitaji kumbukumbu za miaka ipatayo 1 ikifuatwa na sifuri 30 ili upate anga mbili za nusu dunia zinazolingana ndani ya makosa ya vipimo vyetu. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5.

Lakini van den Dool hakuitupa njia hiyo. Kwa kuwa hakuna mwaka mmoja unaofanana, alichukua miaka yote na kuupa kila mmoja uzito wake, mwingine mkubwa, mwingine mdogo, mwingine hasi, mpaka mchanganyiko wake ukalingana na hali ya sasa. Kisha akaangalia mchanganyiko ule ule unaelekea wapi. Njia hiyo bado inatumika kutabiri joto la Pasifiki. Kwa hiyo ukimsikia mtu anataja mwaka mmoja tu, mwache aende. Anayekuwekea miaka minane au kumi na kukuonyesha matokeo yote, mabaya na mazuri, msikilize.

Hesabu_Kali

Sasa hapo umenishika. Lakini je, mtu hawezi kuchagua hiyo miaka minane kwa kuipenda? Naona wengi wanaotabiri theluji nyingi ndio hao hao wanaotaka theluji.

Kaskazi_MN

Anaweza, na wanafanya. Dawa yake ni kuweka sharti kabla ya kufungua matokeo. Mathalani: "nachukua misimu yote tangu 1950 ambayo La Nina ilikuwa dhaifu." Yote. Huruhusiwi kuuondoa 2011-12 kwa sababu umekuharibia picha.

Na kuna mtego wa pili ambao ni mkubwa kuliko huo. Msimu wa 1957-58 ulikuwa wa El Nino, lakini dunia ya 1957 ilikuwa na ubaridi kuliko ya leo. Ukichukua joto lake kama lilivyo ukalipachika kwenye mwaka huu, unatabiri baridi iliyokwisha kuondoka. NOAA wanalijua hilo, ndiyo maana wana chombo kimoja kisichotazama El Nino kabisa: huchukua wastani wa miaka 10 ya karibuni kwa joto na 15 kwa mvua, wakaulinganisha na ule wa miaka 30. Ni hesabu ya mtoto wa sekondari, lakini maeneo mengi ya Marekani hiyo peke yake hubeba sehemu kubwa ya mafanikio ya ramani zao za joto. Ramani zikiwa nyekundu kila mwaka, wengine hudhani ni siasa. Ni kumbukumbu za miaka 10 tu.

Binti_Pangani

Kaka, nashukuru kwa elimu. Mimi ni muuguzi hapa Dallas. Nieleze kuhusu Februari 2021. Ulikuwa mwaka wa La Nina, utabiri wa kusini ulisema joto juu ya wastani, na Januari nilivaa sweta tu. Halafu wiki moja tukaona kiama. Umeme ulikatika nyumbani, mabomba yakapasuka, mimi nikalala wodini siku kadhaa kwa sababu wa kunipokea hakuweza kufika. Wazee wa jengo letu walikuwa wanajifungia kwenye magari yao wapate joto. Nani alikosea?

Kaskazi_MN

Pole sana dada, na asante kwa kazi mliyoifanya siku zile. Waliokufa Texas kwa hesabu rasmi walikuwa 246, na zaidi ya nyumba milioni 4.5 zilikosa umeme. Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri tarehe 16 Februari.

Jibu liko juu sana, kilomita 20 hadi 50 kutoka ardhini, kwenye tabaka la stratosfia. Wakati wa baridi kunakuwa na duara la upepo mkali linalozunguka Ncha ya Kaskazini likiifungia baridi huko. Likiwa na nguvu, baridi inabaki kwao. Mara nyingine mawimbi ya hewa kutoka chini hupanda na kulipiga, na ndani ya siku chache joto la huko juu hupanda kwa makumi ya nyuzi na upepo ukageuka mwelekeo. Hutokea kama mara sita katika kila miaka kumi. Baada ya hapo baridi huweza kumwagika kusini kwa wiki kadhaa, lakini haijulikani itamwagikia bara gani.

Tarehe 5 Januari 2021 duara hilo lilivunjika. Wiki sita baadaye Texas ikaganda. Wanasayansi wanaendelea kujadili tukio la Januari lilichangia kiasi gani, kwa sababu katikati ya Februari duara lilikuwa limevutwa na kurefuka kuelekea Amerika ya Kaskazini, na hilo ni jambo tofauti kidogo na kuvunjika. Huku kwetu kaskazini tuliona mfano ulionyooka zaidi: lilivunjika mwanzoni mwa Januari 2019, katika msimu wa El Nino dhaifu ambao ulitakiwa kuwa nafuu, na tarehe 30 Januari Chicago ilifika nyuzi 31 chini ya sifuri na sisi 33.

Utabiri wa Oktoba 2020 ulizungumzia miezi mitatu kwa pamoja. Wiki moja ya kiama inaweza kukaa ndani ya msimu wa joto, na hakuna ramani ya Oktoba inayoweza kuiona. Ilianza kuonekana wiki moja hivi kabla, na watabiri walionya. Walioshindwa kuwalinda watu ni waliojenga mfumo wa umeme kana kwamba baridi hiyo haitakuja, ilhali ilishakuja 1989 na 2011. Hapo ndipo miaka ya nyuma ilipokuwa na kazi kubwa na haikusikilizwa. Kumbukumbu za nyuma haziwezi kukupa tarehe, lakini zinakupa ukubwa wa baya linalowezekana, na hilo lilikuwa limeandikwa wazi.

Mzawa_Leeds

Naongezea. Huku duara lilivunjika tarehe 12 Februari 2018, na mwisho wa mwezi ukaja ule ubaridi walioupa jina la Mnyama kutoka Mashariki. Kwa hiyo mwenye kufuatilia stratosfia alipata wiki mbili za kujiandaa. Hiyo si haba kwa mtu mwenye mzazi mzee ndani.

Kaskazi_MN

Umesema kweli. Na kuna kiungo hapa ambacho kinanivutia kuliko vyote. Juu ya ikweta, kwenye stratosfia hiyo hiyo, kuna upepo unaozunguka dunia nzima: hupiga kuelekea magharibi kwa zaidi ya mwaka, kisha ukageuka kuelekea mashariki, na mzunguko wote huchukua kama miezi 28. Unapita juu ya Kisangani, Kampala na Nairobi. Maputo ya kupima ozoni yanayorushwa Dagoretti hupanda hadi humo. Unapotoka mashariki, duara la Ncha ya Kaskazini huwa dhaifu kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu wa Minnesota anayetabiri Januari yake anatazama upepo ulio juu ya Nairobi.

Mkulima_Muheza

Wakuu nawasoma kutoka Tanga. Hii baridi yenu imenivutia, lakini huku tunangoja vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutuambia "wastani hadi juu ya wastani" au "wastani hadi chini ya wastani". Ni jambo lile lile mnalozungumza?

Kaskazi_MN

Ndilo lile lile, mzee wangu. Mafungu yale yale matatu, hesabu ile ile. Wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kila kabla ya msimu na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha ukanda huo, wakapatana kuhusu ramani, kisha hiyo Mamlaka yenu, TMA, na wenzao wanaishusha hadi mikoani. Na vuli yenu ni mojawapo ya misimu inayotabirika vizuri duniani, kuliko theluji yangu kwa mbali, kwa sababu bahari mbili zinaishika: Pasifiki na Bahari ya Hindi. Masika ndiyo ngumu.

Mzawa_Leeds

Naomba niseme hapa, kwa sababu hili limetugusa sote. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kubwa upande wetu wa Afrika na ubaridi upande wa Sumatra, tofauti ambayo ni miongoni mwa kubwa kuwahi kupimwa. Vuli ile mnaikumbuka: mafuriko Tanga na Pwani, maporomoko ya West Pokot mwezi Novemba, na Australia kukauka hadi misitu ikawaka. Watafiti wa Met Office walikuja kuonyesha kwamba joto hilo hilo la Bahari ya Hindi ndilo lililochangia kwa kiasi kikubwa msimu wa baridi wa Uingereza wa 2019-20 kuwa wa vuguvugu na dhoruba. Februari 2020 ikawa yenye mvua nyingi kuliko Februari yoyote katika kumbukumbu za nchi. Dhoruba za Ciara na Dennis zilifuatana wiki kwa wiki, na mimi niliona maji yakiingia kwenye maduka ya chini bonde la Calder.

Modeli za kompyuta ziliona mwelekeo huo mapema, tangu Novemba. Waliotafuta miaka pacha kwa kutazama Pasifiki peke yake hawakuwa na la kusema, kwa sababu Pasifiki ilikuwa imetulia.

Mkulima_Muheza

Kwa hiyo mvua iliyosomba mahindi yangu ndiyo iliyokulowesha wewe miezi mitatu baadaye. Asante mwanangu, hilo sikulijua kabisa.

Bukavu_hadi_Maine

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Portland na familia. Nyumba tuliyopanga inapashwa kwa mafuta, kama nyumba nyingi za Maine. Muuzaji anataka nilipie galoni za msimu mzima sasa hivi kwa bei moja, anasema almanaka imetabiri baridi kubwa. Nilipe?

Kaskazi_MN

Ndugu yangu, almanaka weka pembeni. Ile ya zamani zaidi, ya New Hampshire, imekuwepo tangu 1792 na inasema ina kanuni yake ya siri. Kanuni isiyoonyeshwa haiwezi kupimwa na mtu wa nje, na mimi sitoi pesa ya watoto kwa kitu kisichopimika.

Tenganisha mambo mawili. Kiasi cha mafuta utakachochoma kinategemea joto la msimu, na hapo ramani ya NOAA inakusaidia kidogo. Bei ya galoni inategemea soko la dunia, na hapo hali ya hewa ya Maine ina nguvu ndogo sana. Mkataba wa bei moja unakukinga na bei. Kwa hiyo jiulize: bei ikipanda sana Januari, nitaweza kulipa? Kama huwezi, kinga hiyo ina thamani hata kama ramani nzima ni nyekundu. Lakini usilipie msimu mzima. Angalia risiti za mpangaji aliyepita au muulize mwenye nyumba galoni za misimu mitatu iliyopita, kisha lipia kama theluthi mbili ya msimu uliotumia kidogo. Kinachobaki utanunua ukiona Januari inaendaje. Soma pia kama mkataba unakurudishia pesa usipomaliza galoni, na kama mtoaji ana dhamana akifilisika.

Na kabla ya yote, omba msaada wa serikali wa gharama za kupasha nyumba, LIHEAP, mapema. Fedha zake zina kikomo.

Bukavu_hadi_Maine

Asante sana kaka. Kesho naongea na mwenye nyumba anipe hizo risiti. Na wewe mwenyewe, mwaka huu umesaini vipi na maduka yako?

Kaskazi_MN

Nusu kwa nusu. Maegesho makubwa nimeyachukua kwa bei ya msimu, ila mkataba una kikomo: theluji ikipita inchi 60, kila inchi ya ziada inalipwa. Makanisa nimeyaacha kwa kila nitakapopita. Inchi 60 nimezipata kwa kupanga misimu yote ya hapa tangu 1991 mstari mmoja na kuangalia ni mara ngapi ilivukwa. El Nino na La Nina sikuzitumia kabisa kwenye hesabu hiyo, kwa sababu mmeona wenyewe namba za 2010-11 na 2011-12. Kwenye chumvi ndipo nimetumia ramani ya joto: ikiegemea baridi, naongeza mifuko ya kloridi ya kalsiamu inayofanya kazi pale chumvi ya kawaida inaposhindwa.

Ramani mpya hutoka Alhamisi ya tatu ya kila mwezi. Nitaiweka hapa ikitoka. Anayetaka nimpangie misimu ya mji wake, aandike jina la mji na kituo cha hali ya hewa kilicho karibu naye, mara nyingi ni uwanja wa ndege. Hesabu_Kali, wewe wa Ohio nakuanza na Columbus.